Mkaguzi wa Matangi ya Meli

Ukimwona Mkaguzi anakula pilau yako, ujue kazi yako ameikataa. Kila fundi wa Kisenyi, hapa Kampala, aliyewahi kugusa tangi la meli alilijua hilo, na mimi nililijua kwa uchungu zaidi kwa sababu pilau ilikuwa yangu na kazi ilikuwa yangu. Akifika karakanani asubuhi hata maji ya kunywa hapokei. Unamsogezea soda, anaisukuma pembeni kwa kidole kimoja na kusema, "Bado, nyabo," yaani bibi kwa Kiganda, "kwanza kazi." Anainama, anamulika tochi, anapapasa mshono wa chuma polepole mpaka unaanza kusali. Akiridhika anapiga mhuri, anavaa kofia na kuondoka na njaa yake, hata kama ni saa saba mchana na harufu ya bizari imejaa uwanja mzima. Akikataa, anavuta kiti, ananawa, anamaliza sahani, kisha anauliza kama ukoko umebaki.

Nilimuuliza sababu, maana mimi jambo likinikera silali nalo. Akanijibu akiwa bado anatafuna, kwa Kiswahili chake kilichochanganya r na l.

"Hajati, kama napitisha kazi halafu nakula, watu watasema pilau ndiyo iripitisha. Lakini kama nakataa halafu nakula, nani atasema nirihongwa?"

Mke wake nilikutana naye siku moja sokoni, mama mnene mcheshi, akanilalamikia kwamba mafundi wa Kampala wakifanya kazi nzuri mumewe anarudi nyumbani na njaa ya kumla mtu, na wakiharibu anarudi ameshiba na chakula alichompikia kinalala. "Nyinyi mharibu au mtengeneze, lakini mniambie mapema," alisema.

Mkaguzi aliniita Hajati kama wote wanavyoniita, ingawa Makka sijafika. Kisenyi ukivaa buibui, ukawa na karakana na ukajua kugombana, unapewa cheo hicho bila kupanda ndege. Karakana niliachiwa na marehemu mume wangu ikiwa ya mageti na madirisha. Sasa mageti, kwa Kisenyi, ni kazi ya kila mwenye waya na mashine ya kuchomelea. Mteja akitoka kwako hatua chache ameshapata mwingine wa kumpunguzia bei. Na wateja wenyewe walikuwa wakiingia, wananiona nimesimama katikati ya uwanja, wananisalimu vizuri, kisha wananiuliza mwenye karakana yuko wapi. Nilichoka. Nikaamua tutachomelea matangi ya meli, kazi ambayo si kila mtu anaiweza wala si kila mtu anaruhusiwa.

Kwa asiyejua, injini kubwa ya meli haiwashwi kwa ufunguo. Inawashwa kwa hewa iliyoshindiliwa ndani ya tangi la chuma nene, na tangi hilo huoza kuanzia chini, pale maji yanapotuama. Likioza hulitupi, maana jipya linatoka ng'ambo na meli haiwezi kungoja. Unakata sehemu mbovu, unachomelea kiraka. Kiraka cha geti kikiachia, mbwa wa jirani anaingia. Kiraka cha tangi kikiachia ndani ya chumba cha injini, atakayekuja kusimulia hayupo. Ndiyo maana kiraka cha namna hiyo hakiwekwi bila idhini ya serikali, na serikali, kwa meli zote zilizofunga pale Port Bell, bandari yetu ya ziwani, ilikuwa yeye Mkaguzi.

Nami nilitaka kwake kitu kimoja tu: kibali cha kudumu. Kuna kibali cha kazi moja, ambacho unakiomba upya kila tangi, na Mkaguzi anakuja kukusimamia kuanzia ufa mpaka mhuri. Na kuna cha kudumu, kinachosema karakana hii inaaminika, ichomelee na ijikague yenyewe, ofisi ije mwisho tu kushuhudia tangi likijaribiwa. Karatasi hiyo nilishaichagulia mahali ukutani, juu ya meza yangu, ili anayeingia na kuuliza mwenye karakana yuko wapi aisome kwanza. Kila nilipoomba, Mkaguzi aliitazama barua yangu, akanitazama mimi, akasema, "Bado." Hakueleza. Nilimchukia kwa neno hilo, nasema kweli, na siku nyingine nilimchukia hata nikiwa kwenye swala.

Ukali wake ulikuwa na utaratibu wake, na utaratibu wenyewe aliufananisha na kwanjula. Kwa Waganda mwanamume hachukui binti mpaka aende kwao, ajitambulishe mbele ya wazee, aulizwe maswali na achekwe kidogo, ndipo harusi. Mkaguzi alisema chuma ni vilevile. Tangi bovu lije kwake likiwa bovu, atambulishwe ufa, ajue ukoo wa ufa, ndipo aruhusu ufundi.

Sisi hatukujua. Tangi letu la kwanza tulilipokea, fundi wangu mkuu Odhiambo akalitia kiraka kizuri ajabu, tukalipakia kwenye gari na kumpelekea ofisini. Odhiambo ni Mkenya wa Kisumu aliyekuja Kampala kumtembelea shemeji yake, na mpaka leo hajarudi. Mkono wake ni mwepesi na mdomo wake mwepesi zaidi, lakini siku hiyo aliunyamazisha kwa heshima.

"Ufa iko wapi?" Mkaguzi aliuliza.

"Tumeshauziba, mzee," nikamjibu kwa fahari.

"Mimi nauliza ufa."

"Haupo tena, mzee. Ndiyo kazi yenyewe."

Akavua kofia yake, akaiweka juu ya tangi. "Nyabo, wewe unaniretea mtoto anatembea, halafu unasema leo ni kwanjula. Mimi nitaluhusu nini? Ufa siijui. Ulefu yake siijui. Chuma irioza mpaka wapi, siijui. Kata."

"Nikate nini?"

"Kiraka. Toa yote. Ludisha ubovu yake kama irivyokuwa, halafu omba luhusa ya kutengeneza."

Odhiambo akashindwa kujizuia. "Haki ya Mungu, mzee, nimefanya kazi Kisumu, nimefanya Nakuru, sijawahi kuambiwa niharibu kitu ndiyo nikitengeneze!"

"Kalibu Kampala," Mkaguzi alimwambia.

Tukakata. Kiraka kile kizuri kilitoka kikiwa kizima, Odhiambo akakibeba mikononi kama mtu aliyefiwa. Tukampelekea Mkaguzi shimo. Akalifurahia shimo lile, akalipima, akalichora, akagonga pembezoni mwake kwa nyundo ndogo na kusikiliza, mpaka akatuonyesha kwamba kuoza kulikuwa kumepita mbali kuliko kiraka chetu. Tulikuwa tumeshona kitambaa kipya kwenye nguo iliyooza. Hakutucheka, nashukuru. Aliuliza tu kama leo karakanani kuna pilau.

Kosa jingine lilitokana na adabu. Sisi watu wa Kisenyi, hasa familia zetu zilizotoka pwani enzi za mababu, mgeni akija tunafagia, tunafukiza udi, tunatandika. Basi Mkaguzi alipokuwa anakuja kukagua mshono wa tangi jipya, sikuona vema akute chuma kikiwa uchi. Nikalipaka rangi. Kijani, mikono miwili, na mstari mweupe kiunoni. Tangi lilimeremeta mpaka wapita njia wakasimama.

Mkaguzi alilizunguka. Alipokuja kunena, alinena kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko kelele.

"Hajati, bibi halusi ni mzuri."

"Ahsante, mzee."

"Lakini mimi si bwana halusi. Mimi ni daktari. Mvue."

Tulikwangua ile rangi siku nzima. Tangu hapo nilimsikia akiwaambia mafundi wengine kwamba rangi kabla ya ukaguzi ni kanzu ya mwizi, na kila alipolisema aliniangalia kwa jicho la pembeni, nami nikajifanya namtafuta mtu.

Kuna na ile ya mikate. Vijiti vya kuchomelea matangi, ambavyo sisi tunaviita rodi, havitaki unyevu hata kidogo; lazima vikaushwe kwenye tanuri lenye joto kali na vitumike vikiwa bado na moto, la sivyo mshono unapasuka kwa ndani na wewe huuoni. Tanuri la rodi hatukuwa nalo. Lakini jirani yetu ni mama wa Kisomali mwenye kiwanda kidogo cha mikate, na Odhiambo kwa akili yake ya kijirani akaelewana naye. Mkaguzi alipouliza rodi zinakaushwa wapi, tukamvusha barabara. Mama yule akafungua mlango wa tanuri, na humo zikaonekana rodi zimelala zimejipanga katikati ya mikate ya maziwa, zote zikiiva pamoja.

Mkaguzi alitoa kipimajoto chake mfukoni, akapima, akangoja, akasoma.

"Mkate iko sawa," alisema. "Lodi bado baridi."

Akachukua mkate mmoja, akaukata, akaanza kula. Odhiambo alipoona ule mkate unaelekea mdomoni akashika kichwa kwa mikono miwili. Tulinunua tanuri letu.

Mtu atadhani alikuwa mkali kwa wengine tu. Hapana. Tangi likishachomelewa hujazwa maji, na maji hayo husukumwa kwa pampu mpaka presha izidi ile ya kazini, kisha kila kitu hufungwa na watu hukaa kuitazama sindano ya geji kama inashuka. Mkaguzi hukaa mbele ya geji kwenye kigoda, simu zote zimezimwa, hata kukohoa unaomba radhi. Siku moja ya joto, sindano imesimama imara kabisa, nikasikia mkoromo. Alikuwa amelala, kichwa kifuani, tai yake imemfika kitambini, maana tai hakuacha kuvaa hata chini ya ovaroli. Odhiambo akanikonyeza tunyamaze. Muda ukaisha. Sindano haikutikisika. Tukaanza kupongezana kwa ishara, kimyakimya. Akaamka.

"Sindano haikushuka, mzee," Odhiambo alimwahi. "Sote tumeona."

"Nyinyi muriona. Mimi niriona nini?"

"Ulikuwa... ulikuwa hapa, mzee."

"Nirirala. Kwa hiyo mkaguzi hakukuwa. Toa maji, ludia."

Nilimwambia hakuna duniani mtu atakayejua. Akanishangaa, akanyanyua mabega, akasema yeye anajua, na hiyo inamtosha kumsumbua. Tukatoa maji, tukarudia, safari hii akiwa amesimama wima jua lote. Ndiyo siku niliyoanza kumpenda, ingawa kumchukia sikuacha.

Kila mtu mkali, nilidhani, ana kisa kilichomtia ukali. Nikajisemea huyu lazima aliwahi kuona tangi likipasuka, labda aliwahi kupoteza mtu. Nilingoja siku ambayo moyo wake ulikuwa mweupe, nikamuuliza kwa sauti ya chini kama mtu anayetoa pole mapema.

"Kupasuka?" alisema. "Hapana. Sijaona hata moja."

"Hata moja?"

"Sasa kama ningeona, Hajati, ingekuwa mimi nafanya kazi gani?"

Wakubwa nao walimjaribu. Ilikuwapo meli moja iliyokuwa imekodiwa kumpeleka mheshimiwa fulani visiwani na ujumbe wake, maturubai yameshafungwa na wapishi wameshapanda, na tangi lake la hewa lilikuwa na kiraka ambacho hakikuwa chetu, nashukuru Mungu. Mkaguzi akakikataa. Akaja msaidizi wa mheshimiwa, amevaa miwani myeusi, akamwita pembeni na kumweleza ni nani hasa anayesubiri. Mkaguzi akamsikiliza mpaka mwisho, akamshika mkono, akampeleka hadi kwenye tangi. "Mwambie yeye," alisema akiliwekea tangi mkono begani. "Mimi nimeshaambiwa. Huyu ndiyo bado hajui." Yule bwana alilitazama tangi kwa muda kabla ya kupiga simu. Mheshimiwa alienda visiwani kwa meli nyingine.

Kiswahili chake, kama mnavyosikia, alikiokota kwenye karakana za reli na kukimwagia Kiganda juu. Mimi kwetu Kiswahili ni cha nyumbani, na nilimtania sana. Nilimwambia babu yangu angemsikia angeomba kuzikwa mara ya pili. Naye hakunikopesha: "Kiswahiri yako ni ya kuimba kwa halusi. Yangu ni ya kazi. Mimi nikisema kata, mtu anakata." Na ni kweli, walikata.

Ila sitaki mumwone malaika. Alikuwa na gari, na gari hilo lilikuwa aibu ya mji. Mlango wa abiria ulifungwa kwa kamba ya katani, na bomba la moshi lilikuwa limezungushiwa kopo la mafuta ya kupikia na kubanwa kwa waya. Likiharibika alilileta Kisenyi na kulikabidhi kwa yeyote aliyesimama barabarani na mashine mkononi, wala hakuuliza rodi imekaushwa wapi. Alipanda nalo kilima cha Lubaga, kurudi nyumbani kwake, likitoa mlio ambao, nasikia, uliwafanya watu wa kanisani wageuze shingo. Nilimkabili. Mtu aliyenikatisha kiraka kizima kwa sababu ya utaratibu, anaendesha kopo! Akaniambia kwamba meli inabeba watu ambao hawakumwona fundi wala hawakuulizwa kitu, lakini hili gari likiua litamwua yeye, na yeye alishaulizwa akakubali. Mke wake, alipoulizwa na mimi, alisema yeye hupanda bodaboda.

Alikuwa pia na kiburi, jambo ambalo wengi hawakuliona. Mashine mpya za kupiga picha ya ndani ya chuma zilipokuja, alizitumia kama sheria ilivyotaka, lakini alizinunia. Picha ikionyesha kasoro ambayo kidole chake hakikuiona, alirudi kupapasa mahali pale mpaka akadai kwamba sasa anaisikia. Labda aliisikia. Sifa hakumpa mtu. Odhiambo alimngojea miaka amwambie "vizuri", na kubwa alilopata ni siku Mkaguzi alipomaliza kukagua, akamwangalia, akauliza, "Wewe kwenu wanajua uko hapa?" Odhiambo aliisimulia ile kama nishani.

Akastaafu bila kunipa kibali. Sikuamini. Nilikuwa nimejipa moyo kwamba anakihifadhi kwa siku ya mwisho, kama mtu anayeficha nyama chini ya ugali. Nilipika. Akaja, akakagua tangi la mwisho, akalipitisha, akaondoka na njaa. Barua yangu ya ombi aliiacha mezani, na juu yake ameandika lile neno lake. Nilikaa kwenye stuli nikalia, na wafanyakazi wote wakajifanya wana kazi upande wa pili.

Aliyekuja baada yake ni mtu mstaarabu, msikivu, mwenye elimu yake. Alipitia kazi zetu zote za nyuma akaona kila moja imeishia kupita. Akaja kukagua karakana, akaangalia tanuri, akampa Odhiambo chuma cha mtihani achomelee, kisha akakipinda na kukipiga picha, kikawa safi. "Hajati, sielewi kwa nini hukupewa zamani," aliniambia. Nikamwambia hata mimi sielewi. Kibali kikatoka. Nikakitia fremu.

Tangi la kwanza chini ya kibali hicho lilikuwa la feri ya visiwani. Odhiambo akatia kiraka, mimi nikazunguka na tochi kama sheria inavyonitaka, nikaliona zuri. Lilikuwa zuri jinsi mtoto wako anavyokuwa mzuri. Mkaguzi mpya angefika kesho yake kushuhudia jaribio la maji, na nahodha wa feri alikuwa ameshakuja kukaa uwanjani kwetu na thermosi yake ya chai ili alipokee. Mimi mchana ule nikaona nina nafasi ya jambo moja nililolitamani muda mrefu. Nikakitoa kibali ukutani, nikakifunga kwenye khanga, nikanunua sukari na mkate kama anavyostahili mwenyeji wa Kiganda, nikapanda bodaboda kwenda Lubaga kumringia.

Nilimkuta barazani amevaa fulana, bila tai, anachambua maharage. Amekonda. Nilipiga goti kidogo kumsalimu, nikasikia huruma, lakini nilikuwa nimekuja kwa shughuli na nikaifanya. Nikafungua khanga.

Akavaa miwani. Alisoma yote, mpaka maandishi madogo ya chini. Akaigeuza fremu akaangalia nyuma, akapapasa kona zake kwa kidole. "Hii kona imeachana," alisema. Kisha akanirudishia kwa mikono miwili, akinipongeza kwa Kiganda. "Webale nyo, Hajati. Umefika."

Akaendelea na maharage, na hasira yangu ya miaka ikanipanda.

"Mzee, ulininyimia nini? Kazi zetu zote ulizipitisha. Odhiambo unajua anachomelea vizuri kuliko wote. Tanuri tulinunua, rangi tuliacha. Ulitaka nini?"

Akachambua punje iliyooza, akaitupa kwa kuku.

"Odhiambo yuko sawa," alisema. "Odhiambo nirijua zamani. Kibali si ya Odhiambo. Ni ya wewe." Akatupa punje nyingine. "Kira mara nakuja kwako, naona kitu, nakataa. Wewe unakasirika, unatengeneza. Nakuja tena, naona, nakataa. Hajati, siku hata moja sikukuja nikakuta wewe umeshakataa. Yote uriniachia mimi."

Nikaanza kuifunga fremu kwenye khanga.

"Sasa mimi niko hapa na mahalage," alisema, na sauti yake haikuwa ya kunitania. Ilikuwa sauti ya mtu mwenye hofu. "Huko chini nani anakataa?"

Nilirudi Kisenyi juu ya bodaboda nikiwa nimekumbatia fremu, nikimtukana kimoyomoyo njia nzima. Nilimwita mzee mwenye wivu, nikamwita mtu asiyejua kustaafu. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba dereva alikuwa ameshafika chini ya kilima na mimi bado sijapata jibu la kumrudishia.

Uwanjani nahodha alikuwa anakunywa chai yake, na Odhiambo alikuwa ameshafungua kopo la rangi kwa ajili ya kesho jioni. Niliweka fremu mezani bila kuitundika. Nikachukua ile dawa nyekundu ya kutafutia nyufa, nikamwambia Odhiambo asafishe mshono wote upya.

"Hajati, si ulishaangalia?"

"Safisha."

Tukapaka dawa, tukaifuta, tukanyunyiza unga mweupe, tukangoja. Mshono wote ulibaki mweupe. Nilikuwa nimeanza kupumua ndipo kwenye kona ya chini ya kiraka, upande wa ukutani ambako mtu lazima alale chini ili aone, ukajitokeza uzi mwekundu, mfupi kama punje ya mchele. Nikalala chini na buibui langu. Nikapitisha kidole. Sikusikia chochote, lakini uzi ulikuwepo.

Odhiambo akalala kando yangu kutazama. "Hiyo ni mkwaruzo tu, Hajati. Maji hayatapita hapo. Na huyo mkaguzi wa kesho anakuja kuangalia geji, hataingia huku chini."

"Najua."

"Kesho itapita. Nakuambia itapita."

"Najua itapita," nikasema. "Ikate."

Nahodha akainuka na kikombe chake. Alikuwa mtu mkubwa, na alipofika karibu yetu alitutia kivuli sote wawili. "Mama, keshokutwa watu wa visiwani watajaa gatini na mizigo yao. Mimi niliambiwa hili tangi limekwisha. Nani amelikataa?"

Nikainuka, nikajipangusa vumbi la chuma magotini, nikamtazama.

"Nimelikataa mimi."

Nahodha akarudi kwenye thermosi yake. Odhiambo alinitazama kwa muda kama mtu anayesoma kibao cha duka jipya, kisha akavaa miwani yake ya kazi na kuwasha grainda.